Namna ya Kuandaa Sherehe ya Februari 29 kwa Heshima ya Mwanaanga Jack Lousma

Kila Februari inapokaribia, maswali huwa ni yale yale. Mwaka usio na tarehe 29 tusherehekee lini? Keki ichomekwe mishumaa mingapi? Huyu Lousma si ndiye aliyetembea mwezini? (Siye. Aliyetembea mwezini ni Alan Bean, kamanda wake kwenye safari ya kwanza.) Mwongozo huu ni wa klabu za sayansi, walimu na familia zinazopenda habari za anga. Umepimwa kwa sherehe ya watu 10 hadi 30, ya saa mbili na nusu hivi, yenye waandaaji wawili au watatu.

Kwa ambaye jina hili ni geni: Jack Lousma alizaliwa Februari 29, 1936, mjini Grand Rapids, Michigan, Marekani. Alikuwa rubani wa Marine Corps (kikosi cha jeshi la Marekani), na NASA, shirika la anga la Marekani, ikamchagua mwaka 1966. Akaenda angani mara mbili. Mwaka 1973 alikaa siku 59 ndani ya kituo cha anga cha Skylab pamoja na Bean na Owen Garriott. Mwaka 1982 alikuwa kamanda wa Columbia, chombo cha anga kilichotua kama ndege, katika safari iliyoitwa STS-3, pamoja na Gordon Fullerton. Jumla yake ni saa 1,619 nje ya dunia. Hayo yanatosha kwa ufunguzi. Mengine wageni watayapata kwenye michezo, nayo ndiyo yanayokaa kichwani kuliko hotuba.

KABLA YA KUANZA, KUSANYA HIVI

- Chaki, au utepe wa kubandika sakafuni
- Kamba isiyonyumbuka ya mita 4, na futi ya kupimia
- Kurasa pana 66 za gazeti (pana maana yake gazeti likiwa limefunguliwa)
- Selotepu mbili na ufagio wenye mpini mwembamba
- Glavu nene jozi nne. Za bustani au za kushikia sufuria za moto zote zinafaa
- Shuka jeupe
- Karatasi za A4 kama 40 na vibanio vidogo vya karatasi
- Seti mbili za maumbo ya kadibodi yanayofanana kabisa: mraba 1, pembetatu 2, duara 1, mistatili 2
- Chupa au jagi lenye alama ya lita 3
- Keki ya duara yenye kipenyo cha sentimita 25, na mishumaa
- Simu mbili zenye chaji

Vijiti vya gazeti vitengenezwe siku moja kabla. Ndivyo vinavyokula muda, na ndivyo vinavyosahaulika.

HATUA YA 1: Chagua siku

Mwaka mrefu hauna mjadala, ni tarehe 29 yenyewe. Ya mwaka 2028 inaangukia Jumanne, kwa hiyo ama mfanye jioni, ama mrudi nyuma hadi Jumamosi ya tarehe 26. (Yeye mwenyewe alizaliwa Jumamosi. Tarehe 29 iliyoangukia Jumamosi imerudi kila baada ya miaka 28: 1964, 1992, 2020.)

Mwaka wa kawaida kuna kambi mbili. Moja inasema Machi 1, kwa kuwa aliyezaliwa siku inayofuata Februari 28 hajatimiza mwaka mpaka hiyo 28 iishe. Nyingine inasema mtoto wa Februari abaki Februari. Sisi tunapendekeza jioni ya Februari 28, na mishumaa izimwe saa sita usiku kama wageni wanaweza kukesha. Hapo kambi zote mbili zinapata chao.

Tahadhari: usiweke tukio la kila mwaka la tarehe 29 kwenye kalenda ya simu ukadhani umemaliza. Kalenda nyingi huliruka katika miaka ya kawaida, na utashtuka Machi imeingia. Weka kikumbusho cha Februari 14 badala yake, kinachokupa wiki mbili za maandalizi.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya umri wa aina mbili

Anayezaliwa siku hii ana umri wa aina mbili, na utahitaji zote mbili kwa kadi na keki. Umri wa kawaida: toa 1936 kwenye mwaka wa sherehe. Idadi ya tarehe 29 halisi: chukua jibu hilo ugawe kwa 4, kisha utupe mabaki. Kwa 2028 ni 92 na 23. Kwa 2027 ni 91 na 22.

Njia hii ya mkato inafanya kazi kwa sababu tangu 1936 hakuna mwaka mrefu uliorukwa. Mwaka 2000 ungeweza kurukwa, ila unagawanyika kwa 400, ukabaki. Mwaka 1900 ulirukwa. Aliyezaliwa Februari 29, 1896 alisubiri hadi 1904. Mwaka 2100 nao utarukwa. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu fupi ni hili: dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na saa 5, dakika 48 na sekunde 45 hivi. Siyo saa 6 kamili, kwa hiyo ukiongeza siku moja kila miaka minne bila kuruka, unazidisha kidogo.

Kabla ya kuchapa kadi yoyote, pitia wasifu wake kwenye tovuti ya NASA uone taarifa za karibuni. Mzaliwa wa 1936 ni mzee, na maneno ya kadi lazima yaendane na hali ilivyo.

HATUA YA 3: Pata picha na nembo sahihi

Picha za NASA kwa kawaida hazina hakimiliki, unaweza kuchapa na kubandika ukutani. Usizitumie kwenye tangazo la biashara, kwa kuwa sura ya mtu na nembo ya NASA vina masharti yake.

Picha tatu zinatosha: Lousma akioga ndani ya Skylab, wafanyakazi watatu wa safari ya 1973, na Columbia ikitua New Mexico. Ile ya kuoga ndiyo wageni huisimamia. Bafu lenyewe lilikuwa kama pipa la kitambaa linalovutwa kutoka sakafuni hadi darini, na mtu mmoja alipewa maji yasiyofika lita 3. Weka jagi lenye lita 3 chini ya picha, basi. Halihitaji maelezo.

Kosa linalojirudia ni la namba ya nembo. Safari ya Lousma kwenye hati inaitwa Skylab 3, lakini nembo yao imeandikwa Skylab II. Hujadanganywa na hujapakua nembo ya watu wengine. Namba 1 kwenye hati ilipewa kituo chenyewe, kilichorushwa Mei 14, 1973 bila mtu ndani. Wanaanga walianzia namba 2. Waliotengeneza nembo wao walihesabu safari za watu tu. Thibitisha kwa majina yaliyo kwenye nembo: Bean, Garriott, Lousma.

HATUA YA 4: Chora Skylab sakafuni

Karakana ya Skylab, yaani sehemu kubwa waliyoishi, ilikuwa na kipenyo cha mita 6.6. Mtu mmoja akanyage ncha ya kamba katikati ya ukumbi. Pima mita 3.3, funga chaki hapo, zunguka huku kamba ikiwa imenyooka. Ikilegea, duara litakuwa yai.

Waambie wageni wote waingie ndani ya duara. Kisha, kama kuna nafasi nje, mmoja atembee mita 36 na kusimama: huo ndio urefu wa kituo chote kikiwa kimeunganishwa na chombo cha Apollo. Ukumbi ukiwa mdogo usichore duara la kiasi. Chora robo yake kwenye kona, kipimo kibaki cha kweli.

HATUA YA 5: Keki na mishumaa

Chomeka idadi ya tarehe 29 halisi. Usichomeke ya umri wa kawaida. Mishumaa 92 kwenye keki ya sentimita 25 inakaa sentimita 2 na kitu kutoka mmoja hadi mwingine. Ndimi za moto zinaungana, nta inaanguka kwenye krimu kabla wimbo haujaisha, na kuizima kwa pumzi ni hatari kwa nywele za anayeinama.

Mishumaa 23 ipange kwa mizunguko miwili: 15 nje, sentimita 2 kutoka ukingoni, na 8 kwenye duara la ndani lenye kipenyo cha sentimita 11. Hapo nafasi kati ya mmoja na mwingine ni sentimita 4.3 hadi 4.4 kwenye mizunguko yote. Kwa 22, punguza mmoja wa ndani. Weka alama kwa kijiti cha meno kwanza, ndipo uchomeke.

Rangi ya keki ina hadithi yake. Tangi kubwa la nje la safari mbili za kwanza za Columbia lilipakwa rangi nyeupe. Kuanzia STS-3, safari ya Lousma, liliachwa na rangi yake ya asili, machungwa iliyoelekea kahawia, na uzito ukapungua kwa takribani kilo 270. Kupata rangi hiyo: piga gramu 250 za siagi iliyokaa nje hadi ikalainika, ongeza gramu 500 za sukari ya unga kwa awamu tatu, vijiko 2 vya mezani vya maziwa, rangi ya machungwa ya vyakula, na nusu kijiko cha chai cha kakao. Bila kakao utapata rangi ya chungwa la sokoni. Paka keki ikiwa imepoa kabisa. Ikiwa na uvuguvugu krimu itateleza pembeni.

HATUA YA 6: Mchezo wa milingoti

Ndio moyo wa sherehe. Kama muda ni mfupi, acha mingine yote ubaki na huu.

Skylab ilipopanda ilipoteza ngao yake, ambayo pia ndiyo ilikuwa kivuli dhidi ya jua, na ndani kukawa tanuru. Wanaanga wa kwanza walifungua mwavuli wa dharura, lakini kitambaa chake kisingevumilia jua kwa muda mrefu. Agosti 6, 1973 Garriott na Lousma wakatoka nje kutandika turubai juu yake kwa milingoti miwili, kila mmoja wa vipande 11, mrefu karibu mita 17. Walikaa nje saa 6 na dakika 31. Timu zako zitapewa dakika 6 na sekunde 31.

a) Tengeneza vijiti 22. Kwa kila kimoja, pachika kurasa 3 pana za gazeti pamoja, zizungushie mpini wa ufagio kwa mshazari kidogo ili ncha moja iwe nyembamba kuliko nyingine, bandika selotepu mahali patatu, kisha chomoa mpini. Kijiti kiwe na urefu wa sentimita 55 hivi.

b) Jaribu viwili. Ncha nyembamba iingie sentimita 5 ndani ya ncha pana na ikwame. Ikipwaya, ongeza mzunguko mmoja wa selotepu kwenye ncha nyembamba. Isipoingia, usiilazimishe, itapasuka. Ibane kwa vidole iwe bapa kidogo.

c) Gawa timu mbili, vijiti 11 kila moja. Kila timu ina watu wawili wenye glavu. Wa kwanza anaunga kipande kwa kipande akisukuma mlingoti mbele. Wa pili yuko mita 4 mbele yake, miguu haimtoki kwenye alama ya chaki, anapokea na kuuongoza. Ndivyo kazi ilivyogawanywa kule juu: Garriott akiunga, Lousma akipokea.

d) Wengine wawe watazamaji waliokatazwa kugusa. Washangilie tu.

e) Muda ukiisha, inua mlingoti mtu mmoja kila mwisho. Ukikatika, timu imeshindwa hata kama ilimaliza mapema. Ukishika, una urefu wa mita 5.5, theluthi moja ya ule wa kweli.

Kosa kubwa ni kuunga hewani. Kule juu hakuna uzito unaouvuta mlingoti chini. Hapa gazeti litajipinda likifika kipande cha tano. Lazima mlingoti uteleze sakafuni. Kosa la pili ni kuvua glavu "dakika moja tu". Anayevua, timu irudishe vipande viwili nyuma.

HATUA YA 7: Mchezo wa Houston

Usiku wa Aprili 13, 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka kwenye Apollo 13, chombo kilichokuwa njiani kwenda mwezini, aliyekuwa kwenye kiti cha mawasiliano Houston, kwenye kituo cha NASA cha kuongoza safari, alikuwa Lousma. Mwanaanga Jack Swigert ndiye aliyetamka kwanza, kutoka chomboni, kwamba wamepata tatizo. Lousma akawaomba warudie, na mwenzake Swigert, Jim Lovell, akarudia. Watu wengi humpa Lousma yale maneno maarufu; yeye ndiye aliyeyapokea.

Weka watu watatu kwenye chumba cha pili na seti moja ya maumbo ya kadibodi. Ukumbini, panga seti nyingine kuwa umbo lolote, kisha piga simu. Mtu mmoja tu ukumbini ndiye anayezungumza. Wengine wakiwa na la kusema waliandike kwenye kikaratasi wampe. Walioko chumbani warudie kila agizo kwa sauti kabla ya kugusa kitu. Dakika 4, kisha linganisha kwa picha ya simu.

Onyo moja ambalo waandaaji hulisahau: pigeni marufuku maelekezo ya saa. Ukisema "iweke saa tatu", mmoja ataiweka kwenye namba 3 ya uso wa saa na mwingine kwenye namba 9, na wote wako sahihi. Tumieni juu, chini, kulia, kushoto, na ukingo wa karatasi ndio mpaka.

HATUA YA 8: Kutua White Sands

Machi 30, 1982 Columbia ilitua White Sands, New Mexico, kwenye ardhi nyeupe ya jasi. Ni safari pekee ya vyombo vya aina ya Columbia iliyotua hapo. Uwanja uliokusudiwa, Edwards, ulikuwa na maji ya mvua, na hata White Sands upepo wa vumbi uliwabakiza angani siku moja zaidi.

Tandika shuka jeupe mita 6 kutoka mstari wa kurushia. Kila mgeni akunje ndege moja ya karatasi. Columbia ilishuka bila kutumia injini, haikuwa na nafasi ya kuzunguka ijaribu tena, kwa hiyo kila mtu arushe mara moja. Anayekosa asubiri mzunguko mmoja: hiyo ndiyo siku yake ya ziada.

HATUA YA 9: Kadi, keki, kisha nje

Kadi ipitishwe wakati wa michezo, siyo mwishoni watu wakiwa na krimu mikononi. Mkitaka kuituma, pitieni taasisi au ukurasa wa umma. Msitafute anwani ya nyumbani kwake wala namba ya familia.

Baada ya keki, tokeni kuangalia kituo cha kimataifa cha anga. Tafuta muda wa kupita kwake kwenye programu ya NASA wiki moja kabla, na uutafute tena siku yenyewe, maana njia yake hurekebishwa. Chagua mpito unaopanda zaidi ya digrii 40, ndani ya saa mbili baada ya jua kuzama. Kumbuka programu hutoa saa kwa mtindo wa 24: ikiandika 19:42, ni saa 1:42 usiku. Kitatokea upande wa magharibi kama nyota angavu inayotembea bila kupepesa. Kikiwaka na kuzima au kikiwa na taa nyekundu, hiyo ni ndege.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Vijiti vinachomoka kwenye viungio. Mara nyingi selotepu haikufika nchani, gazeti likajifungua. Zungusha utepe mmoja kwenye ncha pana ya kila kijiti. Kama gazeti lilikaa mahali penye unyevu, halitashika hata ufanye nini, tumia mapya.

Ndege ya karatasi inainua pua, inasimama hewani, kisha inaanguka. Uzito uko nyuma. Weka kibanio kimoja puani. Inapiga mbizi? Kunja kingo za nyuma za mabawa kuelekea juu, milimita 5. (Columbia nayo ilinyanyua pua pale White Sands wakati magurudumu ya nyuma yakiwa tayari ardhini. Lousma akaishusha.)

Krimu inachuruzika kama maji. Siagi imeyeyuka. Weka bakuli kwenye friji dakika 20 upige tena. Kuongeza sukari kutaifanya tamu tu.

Watoto wadogo wanachoka kwenye mchezo wa Houston. Punguza maumbo hadi matatu na uondoe simu. Weka pazia kati yao.

Mgeni anang'ang'ania kuwa kile mlichokiona angani ni Skylab. Skylab ilianguka Julai 11, 1979, na mabaki yake yakatua Australia Magharibi.

Kituo cha anga kinapotea katikati ya anga wakati hakuna wingu. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Waambie wageni mapema, la sivyo watabaki wameinua shingo wakisubiri kirudi.

Mawingu yamefunga kabisa. Usiwatoe watu nje kusubiri. Angalia mpito wa kesho na uutangaze kabla wageni hawajaaga.